Hadithi za Usiku katika Nchi ya Shaba

Mgeni atokaye Pwani, akisikia kwa mara ya kwanza jina la Dilala, hudhani upesi kwamba ametajiwa mahali pa usingizi, na kosa lake ni la kusameheka. Lakini sisi tuliolelewa katika komini hii, moja ya zile mbili zinazofanya mji wa Kolwezi, ya pili ikiwa Manika, tunajua kwamba usiku wa hapa haukuwa wa kulala tu. Umeme, ambao huzaliwa katika maji ya Lualaba na kupita juu ya vichwa vyetu kwenda kuyeyusha madini kabla haujakumbuka nyumba za watu, ulipokatika, nkambo wetu, ndivyo tumwitavyo mzazi wa mzazi, aliuvuta mkeka karibu na jiko la mbabula, akachochea makaa, akatuhesabu kwa macho, na neno lake la kwanza lilikuwa lile lile siku zote: "Musitoke inje, batumbula beko banapita." Basi hatukutoka. Tulikaa tukaogopa kwa raha, kama watoto waogopavyo wakiwa wameshikana mikono, na hofu ile ndiyo iliyonifundisha kusoma kabla sijajua herufi.

Nataka kuisimulia historia ya hofu hiyo, maana ni historia ya fasihi, ingawa maprofesa wengi hawajaipa kiti. Na nataka hasa kueleza jinsi hadithi ya kutisha na ya kustaajabisha ilivyombeba katika nchi hii, kwa siri na kwa muda mrefu, mtu ambaye hadithi nyingine zote zilikataa kumbeba, nami nakusudia yule ampendaye wa jinsia yake. Naandika kwa Kiswahili cha vitabu, wala si hiki chetu cha kambini chenye ba- mahali pa wa-, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa kuandika, ingawa nkambo angenicheka.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, mwanzoni iliwakusanya watu kutoka mbali na kuwarudisha makwao mkataba ulipokwisha, wale waliokuwa wangali hai. Lakini katika miaka ya 1920 ikabadili shauri lake, ikaona kwamba ni nafuu zaidi mfanyakazi akae na mkewe kambini, azae kambini, na watoto wake wakue wakisikia king'ora cha kazi kama watoto wa kwingine wasikiavyo adhana au kengele ya kanisa. Mji wa Kolwezi, ulioanzishwa mwaka 1937, ulijengwa kwa kanuni hiyo tangu jiwe la kwanza. Nyumba ilikuwa ya mume, mke na watoto. Posho ilipimwa kwa idadi ya vinywa. Padri, mwalimu na daktari walikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni. Asiyeenea katika hesabu hiyo hakuwa na nyumba. Mwanamke aliyeishi mjini bila mume, katika miji kadhaa ya Kongo ya Wabelgiji, alitozwa kodi kwa upweke wake, kana kwamba upweke ni biashara, na serikali kwa hakika ilidhani kwamba ni biashara. Msomaji amkumbuke mwanamke huyu, atarudi.

Ni katika kambi hizi, zilizopangwa kwa mistari na kuhesabiwa kwa namba, ndipo batumbula waliposhamiri. Mutumbula mmoja alikuwa mtu mweusi kama sisi, labda jirani, aliyeajiriwa na Wazungu kwa kazi ya usiku. Alimnyemelea apitaye peke yake, akamlegeza akili kwa dawa au kwa kipigo, akampeleka shimoni, na huko aliyekamatwa alinoneshwa kama mnyama, hata wengine wakasema kwamba aligeuzwa nguruwe kwanza, ndipo akaliwa mezani kwa Wazungu. Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, walimsimulia ndugu yake, mundele ya mwinda, mzungu wa taa, ambaye mwanga wake humpumbaza mtu. Upande wa pili wa mpaka, katika Rhodesia ya Kaskazini, walikuwapo banyama. Nairobi na Kampala wakawaogopa wazimamoto, na Pwani yote ikajua habari za mumiani. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000 juu ya uvumi wa wanyonya damu katika Afrika ya kikoloni, aliwakusanya jamaa hawa wote pamoja, akasema, kwa muhtasari wangu mimi, kwamba si kazi ya mwanahistoria kucheka uongo wa hadithi bali kusikiliza ni jambo gani la kweli ambalo lugha nyingine haikutosha kulisema. Nami naongeza la kwangu: kwa watu walioona mwenzao akishuka shimoni asubuhi na jioni asipande, ilhali posho ya nyama ya kopo ikiendelea kuja, hesabu ya batumbula haikuwa ngumu kuifanya.

Tarehe 9 Desemba 1941 huko Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, wafanyakazi waliogoma kwa ajili ya mshahara walikusanyika katika uwanja wa mpira, na askari wakawafyatulia risasi. Wakafa watu wengi, naye Léonard Mpoyi, aliyekuwa msemaji wao, akafa pamoja nao. Siku moja kabla yake, tarehe 8, huko Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, katikati ya njia iendayo Kolwezi, alikuwa amezaliwa mtoto mwanamume ambaye angekuja kuitwa Valentin-Yves Mudimbe. Sisemi kwamba nyota zilikuwa na maana yoyote. Nasema tu kwamba yule ambaye angeandika hadithi ya kutisha iliyo nzito kuliko zote katika nchi ya shaba alikuwa na umri wa siku moja uwanja ule ulipolowa damu.

Wazungu nao walikuwa na batumbula wao. Katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels, iliwekwa sanamu iliyochongwa na Paul Wissaert mwaka 1913: mtu wa Aniota, yaani mtu-chui, mwili umefunikwa kwa ngozi ya chui, makucha ya chuma vidoleni, ameinama juu ya mtu aliyelala. Hergé, mchoraji wa Tintin, aliichukua sura ile akaitia katika hadithi yake ya Kongo ya mwaka 1930 hadi 1931, na vizazi vya watoto wa Ubelgiji vikalala vikimwogopa mtu mweusi mwenye kucha. Kwa hiyo usiku mmoja, mtoto wa Dilala alijifunika gubigubi kwa kumwogopa mzungu alaye watu, na mtoto wa Brussels akajifunika kwa kumwogopa Mwafrika aliye chui, na kati ya vitanda hivyo viwili shaba ikisafiri kwa garimoshi na kwa meli bila kumwogopa yeyote. Sanamu ile, jumba lilipofunguliwa upya Desemba 2018, ilikutwa imeondolewa mahali pake pa heshima na kuwekwa chumba cha chini pamoja na wenzake waliopitwa na wakati. Tutakutana na chui tena.

Uhuru ulikuja, Katanga ikajitenga na kurudishwa, Union Minière ikataifishwa mwaka 1967, na miaka michache baadaye jimbo lenyewe likapewa na Rais Mobutu jina la Kiswahili, Shaba. Siku hizo, katika nyumba za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, palikuwa na picha ukutani, iliyochorwa juu ya kitambaa cha gunia la unga na kuuzwa mlango kwa mlango kwa bei ambayo mwalimu au fundi angeimudu. Ilikuwa picha ya mamba muntu, mwanamke mzuri mwenye nywele ndefu, nusu yake ya chini samaki, ameketi kando ya maji. Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian, waliozichunguza picha za nchi hii katika miaka ya 1970, walieleza yale ambayo kila mwenye nyumba aliyajua: mtu akiupata unywele wa mamba muntu au kitu chake, mamba muntu humjia usiku kukidai, na hapo humwahidi utajiri kwa sharti la kutunza siri na, aghalabu, kwa sharti la kuwaacha wanawake wa kawaida.

Tafakari, ewe msomaji, ni jambo gani hili lililotundikwa juu ya kiti cha baba wa nyumba! Katika kambi iliyopimwa kwa mume, mke na idadi ya vinywa, ukutani aliketi mahabuba asiyezaa, asiyeolewa, asiyeweza kuandikwa katika daftari la posho, na mpenzi wake ilimbidi anyamaze maisha yake yote. Sisemi kwamba wachoraji walikusudia kitu kingine kuliko walichokisema; walikusudia kuuza. Lakini hadithi ya ajabu huacha mlango wazi bila kumwuliza apitaye anakwenda wapi. Najua wanaume, tena wazee wa heshima, ambao hawakuoa hata siku moja, na mtaa haukuwasumbua kwa maswali, ukanong'ona tu kwamba fulani ana mamba muntu wake. Lilikuwa jibu la adabu. Halikumpa mtu jina lake, walakini lilimpa mahali pa kuishi. Baadaye makanisa ya uamsho yalipoongezeka, picha zile zikashushwa, maana zilihesabiwa kuwa za shetani, na pamoja nazo ukashushwa ule udhuru.

Sasa nafika kwa Mudimbe, na hapa nitakaa.

Alikuwa amepitia utawa wa Wabenediktini huko Rwanda na kuuacha, amesoma Lovanium na Louvain, naye katika miaka ya 1970 alikuwa akifundisha Lubumbashi, mwenye sifa ya kusoma kila kitu. Mwaka 1976 nyumba ya Présence Africaine ya Paris ikatoa riwaya yake ya pili, *Le Bel Immonde*, jina lenye ukinzani ndani yake, kama kumwita mtu mrembo na najisi kwa pumzi moja. Mambo yake yanatukia Kinshasa, wakati wa maasi ya katikati ya miaka ya 1960. Mna waziri, na mna mwanamke aitwaye Ya, afanyaye kazi yake katika mabaa usiku; naye ni yule mwanamke wa peke yake ambaye serikali ya Wabelgiji ilimtoza kodi na ambaye Kinshasa humwita ndumba. Waziri anampenda, au anadhani anampenda. Watu wa kabila la Ya, walio upande wa waasi, wanamtaka ampeleleze waziri. Mpaka hapo ungedhani umeshika riwaya ya siasa na mahaba, nawe ungeifunga bila wasiwasi.

Lakini Ya ana rafiki, mwanamke mwenziwe aishiye naye, na urafiki wao si wa kusukana nywele tu. Mudimbe hakuupigia mbiu wala hakuuombea radhi; ameuandika kama mtu aandikavyo kwamba mvua ilinyesha. Ndipo unapogundua, ukisoma kwa makini, kwamba katika kitabu hiki ambamo kila mtu anamdanganya kila mtu, mapenzi ya wanawake hawa wawili ndiyo peke yake yasiyo na bei. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna neno ambalo lingemfaa huyo rafiki kuliko lolote la Kifaransa, maana Pwani mwanamke humwita msiri wake "shoga", na ni neno la upole, la barazani, la kugawana manukato na siri. Ilhali neno hilo hilo likimwangukia mwanamume huwa hukumu. Herufi tano, na ndani yake mna mapenzi na jiwe la kurushwa. Laiti riwaya hii ingefasiriwa kwa lugha yetu, mfasiri asingehitaji kuchagua.

Na hapo ndipo kitisho kinapoingia. Waziri, akitaka kukilinda cheo chake, anakwenda kwa chama cha siri cha jadi, ambako madaraka hupatikana kwa kafara ya mtu. Na mtu anayetolewa ni rafiki yake Ya. Nilipousoma ukurasa ule kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeketi nje, kando ya mbabula, na nakiri kwamba nilikiinua kichwa nikatazama gizani kama mtoto. Nilimjua yule aliyechukuliwa, nikamjua na mchukuaji. Ilikuwa hadithi ya nkambo: mtu apitaye peke yake, asiye na mume wa kumwulizia, anakamatwa na mweusi mwenziwe na kuliwa kwenye meza ya wakubwa. Tofauti ilikuwa moja, na ndiyo iliyonishtua. Nkambo hakutuambia kamwe kwamba aliyekamatwa aliacha nyuma mtu aliyempenda.

Wako wahakiki waliolisoma jambo hili kama mfano wa nchi inayowala watoto wake, nami sina ugomvi nao, ingawa naona wanafanya haraka mno kumgeuza mwanamke kuwa mfano, jambo ambalo ndilo alilolifanya waziri. Rafiki yule si nchi ya Kongo. Ni mtu aliyekuwa akingojewa nyumbani.

Haikuwa desturi ya hapa pekee kumficha mpenzi wa namna hiyo ndani ya kitisho. Sheridan Le Fanu wa Dublin, mwaka 1872, miaka 25 kabla ya Dracula wa Bram Stoker, aliandika habari za Carmilla, mwanamke mnyonya damu ampendaye msichana, na katika karne ile ya haya nyingi mapenzi hayo yaliruhusiwa kuchapishwa kwa kuwa mpendaji alikuwa maiti na mwishowe alichomwa mti moyoni. Oscar Wilde alimpa Dorian Gray picha izeekayo badala yake, akachapisha mwaka 1890; mwaka 1895 kitabu kile kilisomwa mahakamani kuwa ushahidi juu yake, akafungwa miaka miwili. Na katika dunia yetu ya Waswahili, mwaka 1995, kisiwa cha Pemba kilifadhaika kwa Popobawa, na fadhaa ile ikavuka Unguja hata Dar es Salaam, watu wakalala nje kwa makundi wakiota moto. Ilisemwa kwamba pepo huyo aliwaingilia wanaume kwa nguvu, na kwamba aliyeingiliwa hakupona mpaka awatangazie wenziwe. Katika jamii ambamo jambo hilo halitajwi, pepo akalazimisha litajwe. Namchukia Popobawa kwa ukatili wake, lakini kama msimulizi alijua kazi.

Mudimbe aliondoka Zaire, kama Kongo ilivyoitwa siku hizo, baada ya Mobutu kumtaka aingie katika Kamati Kuu ya chama chake, heshima ambayo haikuwa na mlango wa kutokea. Kabla hajaondoka yalikuwa yamekwisha tukia mambo ya Kolwezi: tarehe 13 Mei 1978 wapiganaji waliotoka Angola waliuingia mji, na tarehe 19 askari wa miavuli wa Ufaransa wakashuka kutoka angani, na kati ya siku hizo wakafa mamia, wengi weusi, na magazeti ya Ulaya yakawahesabu zaidi weupe. Miaka 11 baadaye, akiwa Marekani, Mudimbe aliirudia Kolwezi katika *Shaba deux*, riwaya iliyoandikwa kama daftari la mtawa Mwafrika, Mama Marie-Gertrude, katika konventi ambayo vita vinaizunguka. Humo hamna chama cha siri wala jini. Mna mwanamke mwingine asiye na mume, anayeandika usiku, na wasiwasi unaokua ukurasa kwa ukurasa. Sitaisimulia yote, maana kwetu bado ni habari za jamaa zetu.

Vijana wa Dilala leo husoma kwenye simu, faili moja likipita kwa watu 20, na hivyo ndivyo vilivyonifikia *Freshwater* cha Akwaeke Emezi cha mwaka 2018, ambamo roho za ogbanje zenyewe ndizo zinazosimulia kutoka ndani ya mwili wasioukubali ulivyoumbwa, na *Black Leopard, Red Wolf* cha Marlon James wa Jamaika, cha mwaka 2019. Katika hiki cha pili, Mfuatiliaji mwenye pua isiyopoteza harufu ya mtu anampenda mwanamume, naye ana sahibu ambaye ni chui ageukaye mtu, au mtu ageukaye chui. Nilipomkuta nilicheka kwa sauti. Alikuwa yeye, yule wa Tervuren, aliyeinamishwa tangu 1913 juu ya mtu aliyelala. Amesimama, amevua makucha ya chuma akabaki na yake ya kuzaliwa, anafanya mzaha na anapenda. Kitabu hicho kina damu nyingi kuliko zote alizozimwaga mutumbula, wala si chepesi, na zipo kurasa nilizoziruka. Lakini mwenye kupenda wa jinsia yake ndiye msimulizi, si kafara.

Nje ya vitabu, sheria ya Kongo haiyataji mapenzi hayo kwa jina ili kuyaadhibu, tofauti na sheria za Kenya na Uganda. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 40, imetosheka kusema kwamba ndoa ni ya watu wa jinsia mbili, na kanuni ya adhabu ya 1940 ina maneno mapana juu ya kuvunja adabu hadharani, ambayo polisi huyanyoosha apendavyo. Mtu wa Dilala haogopi sana vifungu. Anaogopa mchungaji, shangazi na kikundi cha WhatsApp cha ukoo.

Mudimbe alifariki huko Marekani Aprili 2025. Habari ilipotufikia, umeme ulikuwa umekatika, na binti wa ndugu yangu, aliye darasa la mwisho la sekondari, akaniomba nimsomee kitu chochote cha marehemu, kwa kuwa shuleni walimtajia jina tu. Nikawasha simu, nikaanza *Le Bel Immonde* tangu mwanzo, nikifasiri mstari kwa mstari katika Kiswahili cha kambini, naye akasikiliza akiwa amekunja miguu karibu na makaa. Nilipofika kwa wale wanawake wawili nilipunguza mwendo. Akanitazama, akaelewa kabla sijamaliza sentensi, akauliza kwa sauti ndogo:

"Batamuua?"

Nikamwambia bado, wako baa, muziki unalia. Nikafunua ukurasa uliofuata.